Oxenfree: ufupi wake sina neno nao, viputo ndivyo vinaniudhi

Nina hasira na viputo. Hadithi sina ugomvi nayo, sauti sina ugomvi nazo, na ule ufupi wa gemu hili ambao watu wa huku mjini wanaupigia kelele sina ugomvi nao hata kidogo. Hasira yangu yote iko kwenye vile viputo vya maneno, yaani majibu ya kuchagua, vinavyoelea juu ya kichwa cha Alex, binti unayemchezesha. Mtu ameanza kusema jambo zito, jambo ambalo umetembea kisiwa kizima ukilisubiri, mara viputo vinatokea. Vinaanza kufifia. Unabonyeza kimoja kwa kuogopa kitapotea, Alex anadakia, na yule mwenzake ananyamaza papo hapo. Sentensi imekatika na mara nyingi hairudi tena.

Clarissa ndiye aliyeniumiza zaidi. Huyu binti alikuwa mpenzi wa Michael, kaka yake Alex aliyekufa maji. Ana kinyongo, ana ulimi mkali, na kila anapofungua mdomo ujue kuna kitu cha kweli kinakuja. Sasa mtu kama huyo unamkata kauli kwa sababu kiputo kimekuwa na haraka? Nilikasirika mpaka nikazima. Nikawasha tena usiku huohuo, maana gemu lenyewe halikuachi ulale.

Kwa asiyelijua: Oxenfree limetengenezwa na Night School Studio ya Marekani, likatoka mwaka 2016. Vijana watano wanakutana Edwards Island, wengine wakifika na kivuko cha mwisho, wakeshe ufukweni kwa bia na utani. Mkazi wa Dar aliyewahi kuiona boti ya mwisho ikiondoka Bongoyo naye bado yuko mchangani ataelewa upesi hali yao: maji pande zote, giza linaingia, na wa kumpigia simu hayupo. Alex amebeba redio ndogo. Kwenye pango anazungusha kitufe cha stesheni, redio inashika kitu ambacho hakikupaswa kushikwa, na mlango unafunguka. Roho zinazopitia hapo zina uhusiano na nyambizi iliyoitwa Kanaloa, iliyopotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia hapo vijana wanapandisha mmoja mmoja: macho mekundu, sauti si zao, maneno ya watu wa zamani yakitoka kwenye vinywa vya watoto wa sekondari. Hapo hamna damu wala kukimbizana na zimwi. Ni redio na mazungumzo, basi, na nilitetemeka kweli.

Na kwa kuwa ni redio na mazungumzo, kukatwa kwa mazungumzo ni kosa kubwa. Gemu la kupiga risasi likikata sentensi, nani anajali? Hapa sentensi ndiyo gemu.

Chanzo chake nimekichunguza na nina uhakika nacho. Watengenezaji hawakutaka ile hali ya gemu kusimama, wahusika wasimame kama sanamu, uchague jibu, ndipo waendelee. Walitaka watu waongee huku wanatembea, wanapanda mawe, wanaruka nyufa. Wazo zuri mno. Ila kiputo kinaanza kuhesabu muda wake pale kinapotokea, wala si pale msemaji anapomaliza. Ukichagua mapema, unamkata. Ukisubiri amalize, mara nyingine kiputo kimeshayeyuka na Alex anabaki kimya, na ule ukimya nao unahesabiwa kuwa ni jibu. Tatizo la pili ni mipaka ya maeneo. Ukivuka ukingo wa skrini kwenda eneo jingine, mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea yanaweza kufia mlangoni.

Nililazimika kujifunza namna ya kulicheza, nanyi nawaambia msije mkaumia. Kwanza nenda kwenye mipangilio uwashe manukuu kabla hata hujapanda kivuko. Kiswahili hakimo, lakini ukiwa unasoma maandishi unaona sentensi imefika wapi, unajua kama bado inaendelea. Pili, viputo vikitokea, soma vyote kisha ondoa kidole kwenye kitufe. Usibonyeze vikiwa vimekolea. Subiri rangi ianze kupauka ndipo ubonyeze; hapo msemaji ameshasema sehemu kubwa ya lake. Tatu, simama. Mwenzako akiwa katikati ya maneno nawe unaona ukingo wa eneo mbele, usiendelee. Rudi nyuma hatua chache, zunguka palepale mpaka waishiwe maneno, ndipo uvuke. Nne, usiguse kitu chochote chenye alama ya kukaguliwa wakati watu wanaongea, si bango, si mlango, si mnara wa mawe. Kukigusa kunaanzisha maneno mapya juu ya yale ya mwanzo.

Redio nayo ina adabu yake. Usiizungushe haraka kutoka mwanzo hadi mwisho kama unatafuta taarifa ya habari. Sogeza taratibu. Ukikaribia masafa yenyewe, mkwaruzo unabadilika, picha inaanza kuyumba na rangi kuvurugika. Tulia hapohapo, usiondoe mkono. Wengi wanapita hapo kwa pupa kisha wanalalamika kwamba fumbo ni gumu, wakati fumbo lenyewe linataka sikio tu. Kuna na sehemu ambapo muda unajirudia, watu walewale wanasema maneno yaleyale, mpaka ufike kwenye mashine ya kanda na kulizungusha gurudumu lake hadi wakati unyooke. Pale nilivua kofia. Mara ya kwanza mambo yanajirudia sikuelewa kinachotokea, nikadhani gemu limekwama.

Sasa nijipinge mwenyewe, maana haki lazima isemwe. Vijana ndivyo wanavyoongea. Kaa kwenye daladala ya Mbagala jioni na wanafunzi nyuma yako usikilize: hakuna anayemaliza sentensi. Mmoja anaanza, wa pili anadakia, wa tatu anabadilisha mada kabisa. Ren, rafiki wa Alex, anaongea hivyohivyo, maneno yanamtoka kabla hayajaiva. Jonas, kaka wa kambo aliyeingia kwenye familia juzijuzi tu, anaongea kwa tahadhari kwa sababu bado hajajua amesimama wapi. Katika ule mchezo wa ufukweni, wa kusema kweli au kupigwa kofi, ukimkata Clarissa unaonekana unamkwepa, na ukikaa kimya unaonekana una hatia. Hilo ni jambo ambalo sijalipata kwenye magemu makubwa yenye bajeti ya kutisha. Kuna nyakati nilimkata mtu kwa makusudi kwa sababu nami nilikuwa nimechukia, na gemu likanielewa. Kwa hiyo pengine viputo viko sahihi, na tatizo ni pupa ya mchezaji.

Hapana. Kumkata mtu kwa hiari na kumkata kwa sababu mashine imekuharakisha ni vitu viwili. Nabaki na hasira yangu.

Lakini wale wanaoliponda kwa sababu ya ufupi siwaelewi. Raundi moja inachukua takribani masaa 4 au 5, kutegemea unavyozurura, na maneno ninayosikia ni kwamba hilo ni demo, si gemu. Nadhani tabia hii imetokea kwenye vibanda vyetu vya gemu, ambako unalipa kwa mechi au kwa muda, hivyo akili imezoea kupima kila kitu kwa saa. Ukilipa hela yako kwa gemu lisiloisha unajiona mjanja. Haya, lile gemu la dunia kubwa lenye masaa 60, uliyacheza yote? Au ulifika katikati, ukachoka kukusanya manyoya na kufungua makasha, ukaliacha? Mimi nawajua wengi wenye magemu marefu kwenye mashine zao, na mwisho wake hawaujui. Oxenfree unalianza baada ya chakula cha usiku na unaweza kulimaliza kesho yake. Unajua nani alipona, nani alibadilika, na jibu ulilompa Michael kwenye kumbukumbu za zamani lilifanya nini.

Hadithi ya hofu nayo haivumilii kuvutwa. Ile sauti ya redio ikikupata kwa mara ya kwanza, ngozi inasisimka. Kwa mara ya ishirini ingekuwa kero. Journey la 2012 linaisha kwa takribani masaa 2, na hakuna aliyelicheza anayelisahau. Inside la 2016 unalimaliza kwa usiku mmoja. What Remains of Edith Finch la 2017 ni fupi zaidi ya Oxenfree, na linabeba ukoo mzima wenye misiba yake. Waliotengeneza haya walijua pa kuacha.

Na ufupi unawagharimu watengenezaji, jamani. Steam, duka la magemu la mtandaoni, inarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya masaa 2. Ni kanuni nzuri kwa mnunuzi. Lakini mwaka 2021 mtengenezaji mdogo aitwaye Emika Games, aliyetoa gemu la kutisha la Summer of '58, alitangaza kuacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana. Gemu lake lilikuwa linaisha chini ya masaa 2, watu wakawa wanalimaliza, hata waliolisifu, kisha wanadai hela yao. Unakula sahani mpaka mwisho halafu unadai sahani ilikuwa ndogo! Hili linaniuma kuliko viputo. Anayefanya hivyo anawafundisha watengenezaji kuongeza masaa ya uongo, kutembezwa bure huku na kule ili saa ya Steam ivuke 2.

Hapa ndipo Oxenfree lenyewe linaponipasua kichwa. Ukilimaliza, na sitasema mwisho wake, kwenye menyu ya mwanzo unakuta chaguo la kuendeleza mkondo uleule wa wakati. Si kurudia tu. Kuna maneno mapya, wahusika wanaanza kuhisi kwamba haya yameshatokea, na lile fumbo kubwa linakamilika huko. Yaani hadithi nzima ni raundi mbili. Vizuri. Ila raundi ya pili huwezi kurusha maneno mbele, na Alex anatembea kwa mwendo uleule wa mtu anayepunga upepo Coco Beach. Barua za Maggie Adler, bibi aliyewahi kuishi hapo, zimetawanyika kisiwani, na ukitaka kuzipata zote unavuka kisiwa kizima kwa miguu, kwenda na kurudi, njia uliyoshaijua. Hayo ndiyo masaa ya uongo ninayoyasema! Gemu fupi linalojua pa kuacha limejitia urefu pale lisipopaswa. Nikiwa katikati ya raundi hiyo ningelipa nyota 2.

Nikafika mwisho wa raundi ya pili. Siwezi kuandika nyota 2. Siwezi. Ushauri wangu ni kwamba barua uzitafute raundi ya kwanza, ukiwa bado na hamu ya kuzurura, ili ya pili uende moja kwa moja kwenye watu.

Kwa hali yetu ya Dar kuna mambo mengine madogo. Gemu linasevu lenyewe, hakuna kusevu kwa mkono, hivyo umeme ukikatika na mashine haina betri unarudishwa nyuma na mazungumzo unaanza upya. Kwenye mtaa wenye mgao wa mara kwa mara, lichezee kwenye laptop yenye chaji au kwenye simu. Vaa hedifoni, tena zinazofunika sikio. Feni na bodaboda zinaua kabisa zile sauti za chini za redio ambazo ndizo zinabeba hofu. Toleo la simu lipo pia kwa wenye Netflix, kampuni iliyoinunua Night School mwaka 2021. Kuzungusha redio kwa kidole ni raha, lakini kwenye skrini ndogo maandishi ya viputo yanabanana, na muda wa kuyasoma hauongezeki.

Sehemu ya pili, Oxenfree II: Lost Signals, ilitoka Julai 2023. Mhusika ni Riley, mtu mzima sasa, na ana redio ya upepo anayowasiliana nayo na watu tofauti. Nimeipenda, ila usiianze kabla ya ile ya kwanza, utapoteza nusu ya uzito wake.

Ninachodai kwa watengenezaji ni swichi moja kwenye mipangilio: kiputo kisubiri msemaji amalize. Anayependa kudakia aizime. Sisi wengine tunataka kumsikia Clarissa hadi neno la mwisho, na raundi mbili nzima sijamsikia.