Ukinunua printa ya wino Nairobi, uliza sponji kabla ya bei

Usiku wa kuamkia mazishi ya mamake jirani yangu hapa Donholm, nilikuwa nachapa vijitabu vya ratiba ya ibada. Nakala 60, picha ya marehemu ukurasa wa kwanza, kwa rangi. Nilipofika ya 41, taa za printa zikaanza kupepesa, nayo ikagoma. Wino ulikuwepo, nauona kwa macho yangu ndani ya tangi. Karatasi haikuwa imekwama. Nikazima, nikawasha, wapi. Saa tano usiku utapata wapi saiba iliyo wazi? Kesho yake waombolezaji walisomea kijitabu kimoja watu watatu, na hadi leo nikipishana na jirani huyo kwenye ngazi moyo huniuma.

Jumatatu niliibeba hadi kwa fundi mmoja pale Luthuli Avenue. Alifungua mgongo wake akavuta kitu kama slesi mbili za mkate zilizoshikana, cheusi tititi, kinachuruzika. Akakiweka juu ya gazeti na gazeti likalowa mpaka mezani. "Dada yangu," akaniambia, "hii printa si mbovu. Imeshiba tu."

Hiyo ndiyo sponji ya wino taka, na ndiyo sababu naandika mwongozo huu. Mambo ya kasi, WiFi na skana muuzaji atakuimbia bila kuombwa, kwa hivyo nayaacha.

Printa yoyote ya wino hurusha matone kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Canon na HP huupasha wino joto, kiputo cha mvuke kikajitokeza na kulisukuma tone nje. Mwaka 1977 Ichiro Endo wa Canon aliona bomba la sindano lenye wino likitema matone baada ya chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kugusa sindano yake. Kule HP, John Vaught alilifikia wazo hilo kivyake, na ThinkJet ikaingia sokoni mwaka 1984. Epson hawachemshi wino. Wao hutumia kipande kidogo kinachojikunja kikipata umeme, na kwa njia hiyo wakatoa Stylus 800 mwaka 1993. Lakini vitundu ni vitundu: vikikaukiwa na wino, vinaziba. Ndiyo maana mashine hujisafisha kila mara kwa kunyonya wino kupitia kichwa, yaani ile sehemu yenye vitundu, na wino huo hauwezi kurudi kwenye tangi. Unamwagwa kwenye sponji. Ndani mna hesabu ya wino uliomwagwa, na hesabu ikifika kikomo printa inasimama hata kama imebakiza vijitabu 19 vya mazishi.

Zamani tatizo hili halikusumbua watu wengi, kwa sababu katriji, vile vikasha vya wino vya kubadilisha, zilikuwa ghali na printa ilitupwa kabla sponji haijajaa. Tangu Epson waanze kuuza printa za tangi, zile unazojaza wino kwa chupa, kule Indonesia mwaka 2010, wino umekuwa rahisi, tunachapa bila woga, na sponji inajaa mashine ingali nzima kabisa. Kwetu kuna na la stima. Ikipotea katikati ya kazi, kichwa hubaki nje ya kifuniko chake, wino unakauka, na ikirudi lazima usafishe mara mbili tatu. Kuizima kwa swichi ya ukutani kunaleta shida hiyo hiyo. Zima kwa kitufe chake, subiri itulie, kisha ndipo uguse soketi.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Canon G3420, na sifichi kwamba ninaipenda. Wino taka wake unaingia kwenye kisanduku kinachoitwa MC-G02, ambacho unakinunua na kukibadilisha mwenyewe nyumbani. Huhitaji fundi wala kupanda matatu na printa mapajani. Ndiyo niliyo nayo sasa. Wino wake ni GI-41, na vichwa vyake pia hutoka vikichoka. Kwa mama anayechapa kazi za shule za watoto na barua za chama, sioni ya kuipita.

Ya pili ni Epson L6290. Nayo ina kisanduku chake, T04D1, inachapa pande zote mbili yenyewe, na kichwa chake hakichomi wino. Kama una ofisi au saiba, ipandishe iwe ya kwanza. Nimeiweka hapa kwa sababu ya bei tu.

Ya tatu ni HP Smart Tank 515. Vichwa unaweza kuvibadilisha mwenyewe, na hilo ni jema, ila kisanduku cha wino taka hakuna.

Ya nne ni Epson L3250, ambayo utaiona kila duka. Inachapa vizuri, chupa nyeusi ya 103 inatoa hadi kurasa 4,500 kwa hesabu ya Epson wenyewe. Sponji yake si kazi ya mwenye mashine, ni ya fundi. Ukiichukua, tenga pesa za fundi mapema.

Zile ndogo za katriji, zinazouzwa bei ya viatu: pita.

Na wauzaji wetu, jamani. Niliingia maduka manne ya Moi Avenue na Luthuli nikiuliza swali moja, wino taka unakwenda wapi. Watatu waliniuliza, "Wino taka gani, madam?" Wa nne aliniambia printa mpya haina kitu kama hicho. Bei ya kwenye simu ikawa nyingine nilipofika kaunta, maana kumbe ile ilikuwa kabla ya VAT, asilimia 16 nzima. Kibaya zaidi ni wale wanaokutoza kufuta hesabu kwa kompyuta na kukurudishia printa na sponji ile ile iliyolowa. Jamaa yangu alifanyiwa hivyo. Printa ilikubali kuchapa, kisha wino ukafurika chini, ukaharibu kitambaa cha meza na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichokuwa juu yake. Mimi fundi wangu alinitoza 3,500, akaweka sponji mpya mbele ya macho yangu ndipo akafuta hesabu, na sijutii hata shilingi.

Kwa hivyo ukifika dukani kuchukua mojawapo ya zile mbili za kwanza, usitoe pesa kabla muuzaji hajakuwekea mezani kisanduku cha wino taka cha akiba kinachoendana na mashine yako. Akisema kitaletwa, mwambie ukirudi kitakapofika ndipo utalipa vyote viwili, kwa risiti moja.