Maziwe kwa Mashua na Watoto: Tazama Mwezi Kwanza

Familia yenye siku moja tu ya bahari mkoani Tanga iende Pangani, ikodi mashua ya Maziwe. Fungu lile la mchanga mweupe liko kama kilomita 8 kutoka mjini, mwendo wa saa moja hivi kwa mashua ya injini. Wanaorudi wamenuna mara nyingi ni wale waliokwenda siku isiyo yake.

Maziwe si pa kushinda kutwa. Mivinje iliyokuwa ikitia kivuli iliondoka na mmomonyoko zamani, na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mchanga na mpevu, likijaa, bahari inalimeza fungu lote. Hesabu yake ni hii: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili zinazofuata, maji hukupwa mno mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, yakajaa tena kuelekea saa 11 jioni. Ondokeni saa 2, mlikute fungu linazidi kuchomoza, na saa 7 watoto wawe wameshapanda chomboni. Karibu na tarehe 7 na 22 za mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana: asubuhi ndiyo yanajaa, mchanga unabaki finyu, na hakuna sababu ya kulipia safari hiyo na watoto.

Penye kero ni mlango wa mto Pangani, unaomwagikia baharini hapo mjini. Maji yanapotoka kwa kasi yakakutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama juu ya kina kifupi cha mlangoni, na hapo ndipo watu hutapika. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, afadhali kuvuka mto hadi Bweni, kwenda Ushongo, na kupandia chombo pwani, mkaukwepa mlango kabisa. Oktoba na Novemba bahari huwa na adabu zaidi. Kidonge cha kichefuchefu kimezwe nusu saa kabla ya kuondoka, na mtoto akae tezi, yaani nyuma ya chombo, kwani omo, mbele, ndiko chombo kinakorushwa zaidi.

Kabla ya kutoa pesa, omba kuona jaketi okozi la kila mtoto. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha shika mabegani na uvute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, majini litamvuka. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kwa kamba halitoshi, hata nahodha akiapa. Tazama pia turubai la kivuli, chombo cha kukumbia maji, na petroli ya akiba.

Bei hutajwa kwa chombo kizima au kwa kichwa. Uliza kama ndani yake mna petroli, miwani ya kuzamia na kiingilio cha hifadhi, maana Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu 1975. Kiingilio kina viwango vyake kwa Watanzania na kwa wageni, dai stakabadhi. Maji ya kunywa yasipungue lita 2 kwa mtu, kwani huko hakuna kisima wala duka.

Matumbawe ndiyo malipo ya usumbufu wote huu. Maji yakikupwa, hata mtoto asiyejua kuzamia anawaona samaki akiwa amesimama maji ya kiunoni. Avae viatu vya mpira: mwamba unakata, na wale wanyama wa miiba mirefu myeusi hujificha kwenye nyufa. Asisimame juu ya matumbawe wala asibebe makombe.

Kasa bado hupanda kutaga hapa, ila mayai yakiachwa hufunikwa na maji, ndiyo maana huhamishiwa pwani ya Ushongo. Ulizeni huko kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa. Vitoto vikishuka kwenda baharini, watoto wasimame nyuma yao, tochi zikiwa zimezimwa.