Majadiliano ya Wikipedia ya Kiswahili: nyota nne, ila uwe na subira

Hapa Moshi watu wanakadiria mahema, buti za kukodi na supu ya asubuhi. Mimi nakadiria kitu cha bure ambacho nakitumia sana wakati wa masika, wageni wakiwa wamepungua mlimani: ukurasa wa Majadiliano kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Makala zenyewe kila mtu anazisoma. Nazungumzia ule ukurasa ulio nyuma ya makala, ambako wahariri wa kujitolea wanavutana nini kibaki na nini kifutwe.

Naongoza wageni mlimani, na vijana wanaotaka kuingia kazi hii huja kwangu kunolewa. Karibu wote wanakuja na ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser (mfalme mkuu wa Ujerumani) Wilhelm, Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mgeni anacheka, tipu inanona, maisha yanaendelea. Sasa nenda kaiandike kwenye makala uone. Utaulizwa chanzo, halafu utawekewa tarehe mbili mezani: Waingereza na Wajerumani walipatana kuhusu mpaka mwaka 1886, Wilhelm akawa Kaiser 1888. Kesi imeisha. Nawapeleka vijana kule wakasome wenyewe mabishano ya namna hiyo, maana mimi nikiwaambia wanadhani nawabania tipu.

Utamu hasa uko kwenye kesi ambazo hazimaliziki kwa tarehe. Chukua ya meku (mzee) wetu wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. Huku kwetu mtoto wa shule atakuambia ndiye aliyemfikisha Mjerumani Hans Meyer kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Lakini Meyer mwenyewe, alipoandika habari za safari ile, kileleni anajitaja yeye na mpandaji mwenzake Ludwig Purtscheller tu, na mtu aliyekaa nao kambi ya juu anamtaja kuwa Muini Amani wa Pangani. Lauwo alivuma mwaka 1989, wakati wa kuadhimisha miaka 100 ya safari hiyo, na alipofariki 1996 ilisemwa alikuwa na miaka 125. Umri huo peke yake ni ugomvi wa wiki nzima.

Nilipoingia kwenye mjadala huo, mmoja alitaka iandikwe waziwazi kwamba Mchagga alisimama kileleni siku ileile na Mzungu. Mwingine alikuwa anafuta aya nzima kila inaporudi. Wa tatu akaja na maneno haya: "Ndugu zangu, hatuko hapa kumpa mtu ushindi. Tuandike nani anasema nini, na amelisema wapi." Basi. Hasira zikashuka, kazi ikaanza: Meyer anasema hivi, simulizi la Marangu lililotangazwa 1989 linasema vile, msomaji apime. Mimi nikaomba jina la Muini Amani lisiachwe, kwa sababu tukipigania Wachagga tukamsahau mtu wa Pangani tutakuwa tumefanya yaleyale. Likaingia bila ubishi.

Kinachoniuma ni sharti la chanzo. Wikipedia haipokei utafiti wako mwenyewe. Inataka kitu kilichokwisha kuchapishwa mahali panapoaminika. Bibi wa Marangu anayekumbuka alichosimuliwa na baba yake hahesabiki mpaka atokee wa kumwandika na kumchapisha. Kwa historia yetu, ambayo nyingi iko midomoni, hilo ni bao la mapema kwa Meyer, aliyekuwa na kalamu na mchapishaji. Hata hivyo sitaki sharti lilegezwe. Mlango ukiachwa wazi kwa ajili ya bibi, zawadi ya Kaiser nayo itapita hapohapo, tena itatangulia kuketi.

Upande wa matumizi: usihofu bando, kurasa hizi ni maandishi matupu. Zamani ilikubidi uweke sahihi kwa mkono, ~~~~, na kuitafuta alama hiyo kwenye simu ni adhabu. Siku hizi kuna kitufe cha kujibu kinachokusainia chenyewe. Saa za pale ni UTC, yaani saa za kimataifa, zimechelewa saa tatu kwa zetu, kwa hiyo jibu lililogongwa 15:40 limeandikwa kwetu saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Usimkasirikie mtu kwa saa ambazo hajachelewa.

Kasoro kubwa ni uchache wa watu. Wikipedia ya Kiingereza ina ngazi nyingi za kupandisha ugomvi: maoni ya mtu wa tatu, wito wa maoni ambao kwa kawaida hukaa wazi siku 30, mpaka kamati ya usuluhishi, ambayo nayo huhukumu mienendo ya watu zaidi kuliko ukweli wa makala. Anayerudisha toleo lake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Watu ni wengi kiasi kwamba waliweza kubishana takriban miaka minane kama yogurt iandikwe na h au bila h, wakamalizana 2011. Miaka minane, mtindi! Kwetu ngazi ni fupi: Majadiliano, kisha ukurasa wa Jumuiya, kisha wakabidhi, yaani wasimamizi wa wiki, na hao pia wanajitolea, wana kazi zao na familia zao. Hoja yako inaweza kukaa muda mrefu bila hata salamu. Mwachie mhusika ujumbe kwenye ukurasa wake wa majadiliano, atauona akiingia.

Natoa nyota nne. Inamfaa mwalimu, mwongoza wageni, na yeyote anayependa kubishana akiwa na kitabu mkononi. Kama unapenda kushinda kwa sauti, baki stendi. Ukitaka kuanza, usiende moja kwa moja kwenye Kilimanjaro. Tafuta kata yako. Kata nyingi za Tanzania zina makala, na nyingi kati ya hizo ni mistari michache tu na idadi ya watu ya sensa.