Uzoefu wangu: rezista ya omu 1 iliyopimwa kwa grafini, na ilivyotufaa karakanani Chang'ombe

Nianze na bei maana najua ndicho mnachokisubiri. Kupeleka rezista moja (kifaa kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu, kinachohesabiwa kwa omu) Ulaya, kupimwa huko, na kuirudisha Dar kulitutoa zaidi ya shilingi milioni 4. Na rezista yenyewe ukiiona huwezi kuamini: kopo la chuma kama la maziwa ya unga, ndani mafuta na waya wa manganini (aina ya aloi ya shaba), juu vibano vinne vya shaba. Haina skrini, haina betri, haina hata kitufe. Bosi alipoona ankara aliniuliza taratibu, kwa ile sauti yake ya hatari, "Kwa hiyo hii inafanya nini?" Nikamjibu: inabaki omu 1, mzee. Ndiyo kazi yake yote.

Sisi tunasuka mota na kukarabati transfoma ndogo za viwanda vya upande wa Barabara ya Nyerere. Kila siku tunapima ukinzani wa koili, mara nyingi chini ya omu 1, kwa mita ya maikroomu yenye waya nne: mbili zinapeleka mkondo, mbili zinasoma volti, ili ukinzani wa waya za mita usiingie kwenye hesabu. Wazo hilo ni la zamani, la Lord Kelvin, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 19, na mpaka leo mafundi wanasema "klipu za Kelvin" bila kujua Kelvin ni nani. Shida ni kwamba mita nayo inahitaji kitu cha kuisimamia, yaani rezista ambayo thamani yake inajulikana kwa uhakika. Mteja wetu mmoja mkubwa alitaka cheti ambacho ulinganifu wake unapanda hatua kwa hatua, kila kifaa kikilinganishwa na kilicho bora zaidi, hadi kwenye kipimo cha msingi kabisa. Ndiyo safari ya kopo ikaanza.

Cheti kiliporudi nilikisoma mara tatu kwenye daladala. Kilisema thamani ya rezista ni omu 1.0000023, na kwamba imetokana na kifaa cha grafini. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo pesa ilipokwenda.

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga kule Manchester, Uingereza, mwaka 2004, wakapewa Nobeli mwaka 2010. Ukipitisha mkondo kwenye tabaka hilo likiwa kwenye baridi kali na ndani ya sumaku yenye nguvu, volti inatokea ubavuni. Gawanya volti hiyo kwa mkondo, unapata omu 12,906.4037. Ongeza sumaku kidogo, punguza kidogo, namba haitikisiki. Kata kipande kikubwa au kidogo, namba ni ileile. Inatokana na vitu viwili tu vya maumbile, namba ya Planck (namba ya msingi katika fizikia ya chembe ndogo) na chaji ya elektroni, ambavyo tangu 20 Mei 2019 thamani zake zimefungwa rasmi kwenye mfumo wa vipimo wa dunia. Aliyeligundua jambo hili ni mwanafizikia Mjerumani Klaus von Klitzing, mwaka 1980, akiwa Grenoble, Ufaransa. Wakati huo hapakuwa na grafini. Yeye alitumia silikoni, na baadaye maabara zikahamia kwenye fuwele za galiamu na aseniki.

Kabla ya hapo nchi zilikuwa zinatunza omu kwa makopo kama hili letu. Makopo yanazeeka. Waya unabadilika polepole na hakuna wa kukuambia umebadilika kiasi gani, ila kopo jingine ambalo nalo linazeeka.

Sasa kwa nini grafini, kama vile vya zamani vilikuwa vinafanya kazi? Ni suala la jokofu. Vya galiamu vinataka kama kelvini 1.5 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa) na sumaku ya karibu tesla 10 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), yaani heliamu ya kimiminika na mtambo wa kujaza chumba. Grafini inavumilia zaidi. Mwaka 2015 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kifaa cha grafini juu ya silikoni kabidi kikishikilia namba yake hata kwa sumaku ya tesla 3.5, na hata joto likipanda hadi kelvini 10. Kelvini 10 ni nyuzi 263 chini ya sifuri, kwa hiyo tusidanganyane kwamba tutakiweka Chang'ombe kesho. Lakini kinaendeshwa kwa jokofu la umeme lisilohitaji kumiminiwa heliamu, na kinakubali mkondo mkubwa zaidi, kwa hiyo kipimo kinasomeka upesi. Kutoka kwenye ile 12,906 wanashuka hadi rezista ya omu 100 kwa daraja la kulinganisha mikondo (kifaa cha kulinganisha rezista mbili), halafu kutoka 100 hadi 1. Hiyo 1 ndiyo yetu.

Huduma ya maabara yenyewe sina neno. Walijibu barua pepe zote, waliniuliza nitatumia rezista kwa mkondo gani na kwa joto gani, maswali ambayo sikuwa nimejiuliza. Usafiri ndio ulitunyanyasa. Mzigo ulikaa siku 11 kwenye ghala la wakala, na nilipokwenda kuuchukua nilikuta boksi limegeuzwa kichwa chini, na mshale unaoonyesha juu umechorwa mkubwa kama bango la mganga. Kwa bahati mafuta hayakuvuja.

Makosa mengine ni yangu mwenyewe. La kwanza linanitia aibu. Cheti kimeandika wazi: mkondo usizidi miliampea 100. Mimi nikachomeka mita, ikajichagulia ampea 1 kama inavyozoea kwenye koili, nikaenda kupokea simu. Hapo ni wati 1 ndani ya kopo lililoandaliwa kwa wati 0.01. Niliporudi, kopo lilikuwa na uvuguvugu. Nililiacha lipoe usiku kucha, nikalilinganisha na rezista yetu ya zamani kwa wiki mbili, kila asubuhi, roho juu. Halikuhama. Siku hizi mkondo nauchagua kwa mkono.

La pili ni kiyoyozi. Tarakimu ya mwisho ilikuwa inachezacheza, nikawa nimeshaanza kuilaumu mita. Kumbe klipu zilikuwa na ile kutu ya kijani inayoletwa na hewa yetu ya pwani, na upepo wa kiyoyozi ulikuwa unazipiga upande mmoja. Shaba safi ikigusana na shaba yenye kutu, na joto likatofautiana kidogo tu, inazaliwa volti ndogo inayojichanganya na kipimo. Nilisugua klipu, nikafunika kopo kwa boksi la biskuti, nikapima mara mbili kwa kugeuza mwelekeo wa mkondo na kuchukua wastani. Tarakimu ikatulia. Boksi la biskuti bado tunalo, limeandikwa "USITUPE".

Je, imetusaidia? Nawapa kisa kimoja. Mzee mmoja mwenye kiwanda alirudisha mota tuliyoisuka, amefura.

"Fundi, mmenipunja. Mmeweka waya mwembamba."

"Shikamoo mzee. Karibu ukae kwanza."

"Marahaba. Sikai. Ripoti yenu imesema 0.420, fundi wangu amepima 0.435. Nani mwongo?"

Zamani tungebishana mpaka jioni, kila mtu na mita yake. Safari hii nilichukua kopo, nikapima mbele yake kwa mita yetu, halafu kwa ya fundi wake. Zote mbili zilikuwa karibu sana na 1, ya kwetu ikizidi kwa 0.0004. Mita zikawa zimetoka kwenye kesi. Nikamuuliza fundi wake alipimia wapi. Uani, saa saba mchana, kwenye nyuzi kama 33. Sisi tulipimia chumba cha kiyoyozi, nyuzi 24. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Piga hesabu: 0.420 ya chumbani inakuwa karibu 0.435 uani. Mzee akakaa. Chai akanywa.

Lakini niseme kweli, ugomvi ule ungemalizwa hata na rezista iliyohakikiwa kwa kiwango cha chini zaidi. Mita yetu inakosea sehemu mia kadhaa katika milioni, cheti kinazungumzia chini ya sehemu moja. Ni kupima unga wa ugali kwa mizani ya sonara. Kama una karakana na unataka tu mita yako ihakikiwe, anza na maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, uulize wanachoweza kukufanyia. Usirukie grafini kwa sababu umesoma habari zake hapa. Kwetu sisi ilikuwa sharti la mkataba, na mkataba umelipa.

Tutaipeleka tena? Ndiyo, baada ya miaka miwili, na safari hiyo nitaibeba mwenyewe mkononi. Kabla ya hapo nataka beseni la mafuta lenye kudhibiti joto, ambalo bosi hajalikubali. Kwa sasa vipimo vya kopo tunavifanya saa moja asubuhi, kabla jua halijapiga bati.