django-prometheus: muda inaupima vizuri, ukubwa wa majibu nusunusu

Wateja wangu wengi ni akina mama wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Programu yenyewe haina makuu: wanaingiza mzigo waliopokea, wanaangalia oda za wanunuzi wa Tabora na Dar. Kilio chao kilikuwa "inazunguka tu", na mimi nikiifungua ofisini, Mwanga, naiona inakimbia. Ndipo nikafunga django-prometheus, maktaba ya bure inayohesabu yanayotokea ndani ya Django (mfumo wa Python wa kujengea programu za wavuti) ili Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, ije kuyasoma.

Kuifunga ni kazi ndogo. Mstari mmoja juu kabisa ya MIDDLEWARE, yaani orodha ya vipande ambavyo kila ombi hupitia, mwingine chini kabisa, msihamishe hata mmoja, kisha njia ya /metrics, ambako Prometheus husomea vipimo. (Hiyo /metrics ifungieni kwenye Nginx, seva inayokaa mbele ya Django, la sivyo mpita njia yeyote anaisoma.) Mkitumia gunicorn (kinachoendesha Django) yenye prosesi kadhaa, wekeni PROMETHEUS_MULTIPROC_DIR, folda ya pamoja ya hesabu zao, maana kila prosesi huhesabu kivyake na grafu inayumbayumba.

Upande wa muda sina neno. Kila ukurasa unahesabiwa peke yake, na unaweza kuuliza asilimia 95 ya maombi hujibiwa ndani ya muda gani, badala ya kutegemea wastani unaowaficha wanaoteseka. Ukurasa wa oda ulitoka safi, chini ya robo sekunde. Seva haikuwa na kosa.

Nikahamia kwenye ukubwa, na hapo ndipo inaponikera. Kipimo cha django_http_responses_body_total_bytes kinatia majibu yote kwenye kapu moja. Unaona kabisa kuna majibu yanayozidi megabaiti moja, lakini ya ukurasa gani? Hakisemi. Tena madaraja yake yanakwenda maradufu: jibu la kilobaiti 300 na la 500 yote yanaangukia daraja moja, kwa hiyo ukipunguza hapo katikati jasho lako halionekani. Na kama kubana kwa gzip kunafanywa na Nginx, kinachopimwa ni jibu kabla ya kubanwa, si kile kinachokula bando la mteja.

Nikaandika kipande changu kifupi kinachorekodi baiti pamoja na jina la ukurasa. Jina tu, jamani! Ukiweka anwani nzima yenye namba ya oda, kila oda inazaa mfululizo wake wa vipimo na RAM ya Prometheus inakwisha. Jioni ile ile mkosaji akajulikana: orodha ya oda ilibeba picha za risiti ndani ya JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) kwa base64, njia ya kugeuza picha kuwa herufi, ambayo peke yake huzinenepesha kwa theluthi.

Kwenye logi za Nginx niliongeza $request_time kando ya $upstream_response_time (muda wa Django kujibu). Ya kwanza huhesabu mpaka Nginx imalize kutuma jibu, kwa hiyo simu yenye mtandao dhaifu inajionyesha hapo. Pengo kati ya hizo mbili kwenye oda lilikuwa la sekunde nzima nzima. Sasa picha inapakuliwa pale tu mteja anapoigusa, na pengo limeshuka sana.

Muda naipa nyota tano. Ukubwa, mbili.