Miezi minane na Cryptomator: uzoefu wa katibu wa kikoba

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Morogoro. Picha za vitambulisho vya NIDA, fomu za mikopo zenye sahihi za wadhamini, namba za simu, vyote nilikuwa naviweka Google Drive. GB 15 za bure zinatutosha, na kompyuta ikiibwa kazi haipotei.

Siku moja nilikwenda steshenari kuchapisha fomu. Umeme ukakatika, nikaondoka. Jioni kijana wa pale akanipigia: "Mama, samahani, umeme umerudi, naona akaunti yako bado iko wazi huku." Alikuwa muungwana, lakini usiku ule sikupata usingizi. Watu walinikabidhi vitambulisho vyao kwa kuniamini.

Drive husimba faili, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, ila anayeingia kwenye akaunti anaona kila kitu. Nilitaka faili ifungwe kabla haijatoka nyumbani. Ndipo nikaanza kutumia Cryptomator, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua) iliyotengenezwa Ujerumani. Unatengeneza sefu ndani ya folda ya Drive na kuiwekea nywila. Ukiifungua, inatokea kwenye kompyuta kama flashi uliyochomeka. Kila faili unayoiweka humo inasimbwa palepale kwa AES ya biti 256, njia imara ya kusimba. Nilipochungulia Drive kwa kivinjari nikakuta folda iitwayo "d", na ndani yake majina ya herufi zisizosomeka yanayoishia na .c9r. Hata jina la mkopaji halionekani. Na kwa kuwa kila faili inasimbwa peke yake, ukibadilisha fomu moja inapanda hiyo moja tu, bando halimalizwi.

Haifichi kila kitu, lakini. Idadi ya faili, ukubwa wake kwa makadirio na tarehe za kubadilishwa bado vinaonekana. Kwenye kompyuta ni bure, kwenye simu unalipia. Na usiifungue sefu kwenye kompyuta ya watu. Siku hizi steshenari naenda na flashi yenye fomu moja tu ninayoichapisha. Nakala za zamani nilizifuta Drive, kisha nikaondoa na zilizobaki kwenye pipa la taka, maana hukaa humo siku 30.

Kubwa zaidi ni nywila. Ukiisahau, na ufunguo wa kurejesha huna, faili zimekwenda. Hata waliotengeneza programu hawawezi kukufungulia. Ufunguo huo ni msururu mrefu wa maneno ya Kiingereza. Niliuchapisha, nikautia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka ndani ya sanduku la kikoba, lile la kufuli tatu ambalo funguo zake wameshika wanachama watatu. Nikifa kesho, watatu hao wakikutana kumbukumbu zetu zitafunguka. Mmoja peke yake hawezi kuifikia bahasha hiyo, hata mimi.

Jumamosi nilikieleza kikao yote, kuanzia ile ya steshenari. Mama mmoja akauliza: "Na zile picha tulizokutumia WhatsApp, ziko wapi?" Zilikuwa bado kwenye simu yangu. Wiki hii nazihamisha moja moja.