Kununua nyoka wa gata kwa rangi yake: wa kwanza hadi wa mwisho

Ukienda kumtazama gata kabla ya kumnunua, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: alijivua gamba lini? Gata anayekaribia kujivua huwa na macho yenye ukungu kama kioo kilichopata mvuke, na rangi zake zote hufifia. Mwekundu huonekana wa kahawia, wa samawati huonekana wa kijivu. Siku mbili baada ya kujivua, nyoka yuleyule hung'aa kama aliyepakwa mafuta. Kwa hiyo usimkatae nyoka mzuri kwa sababu umefika siku mbaya, na usilipie picha iliyopigwa asubuhi ya gamba jipya chini ya taa kali. Omba picha nyingine, ya mchana, nyoka akiwa mkononi.

Gata ni nyoka wa jenasi Thamnophis, kutoka Kanada hadi Amerika ya Kati, na wamegawanyika katika spishi zaidi ya 30. Wanaofugwa sana ni wa spishi tatu: gata wa kawaida (Thamnophis sirtalis), gata wa mirabaraba (T. marcianus) na gata wa nyanda (T. radix). Hawa hawatagi mayai, huzaa watoto hai, na mzao mmoja waweza kuwa na ndugu wengi wasiofanana rangi. Hilo ni jambo jema kwa mnunuzi, kwa kuwa unaweza kuchagua.

Kabla ya kuwapanga, elewa rangi inatoka wapi. Ngozi ya nyoka ina seli za weusi, seli za manjano na nyekundu, na seli zinazoakisi nuru. Samawati ya gata haitokani na rangi ya samawati hata kidogo, ni nuru inayoakisiwa. Ikifunikwa na manjano unaona kijani, na manjano ikiondoka samawati inabaki wazi. Nyingi kati ya rangi zinazouzwa kama adimu ni rangi ya kawaida iliyopungukiwa na tabaka moja. Ukilijua hilo, maneno matamu ya tangazo hayatakubabaisha.

Nimewapanga kwa mambo matatu: uzuri unaodumu hadi utu uzima, wepesi wa kufuga, na asili inayojulikana.

Wa kwanza: gata wa ubavu mwekundu, kwa rangi yake ya porini

Huyu ni T. s. parietalis, nususpishi ya gata wa kawaida (T. s. ni kifupi cha Thamnophis sirtalis), na kwangu hana mpinzani. Mgongo ni mweusi au wa kijani cha zeituni, mistari mitatu ya manjano inakwenda kichwani hadi mkiani, na kati ya mistari kuna vipande vyekundu. Sehemu kubwa ya wekundu huo imejificha kwenye ngozi iliyo kati ya magamba. Akijikunja kimya unaona mistari na vidoa tu. Akimaliza kumeza, au akijitanua kwa hofu, magamba yanaachana na ubavu mzima unawaka. Kila siku utamwona upya.

Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu yao hutoka kila majira ya kuchipua kwenye mashimo ya mawe ya chokaa walimolala wakati wa baridi. Hata humo wekundu wao hutofautiana, mmoja rangi ya tofali, mwingine karibu na chungwa. Basi ukionyeshwa ndugu kumi, usichukue wa kwanza kukamatwa.

Mistari hiyo pia si pambo tu. Mwaka 1989, Edmund D. Brodie III alionyesha katika gata wa kaskazini-magharibi (T. ordinoides) kwamba wenye mistari kamili hukimbia moja kwa moja, na wenye madoa au mistari iliyokatika hupenda kugeuka ghafla. Jicho la adui hushindwa kukadiria mwendo wa mstari unaoteleza. Ndiyo maana ninamweka mbele nyoka wa rangi ya porini: mchoro na mwenendo wake vimekua pamoja, na ukimtazama akikimbia kwenye majani unaviona vyote viwili.

Wa pili: mweusi wa Ziwa Erie

Kando ya Ziwa Erie, upande wa Kanada na wa Marekani, wapo gata wa mashariki (nususpishi nyingine ya gata wa kawaida) weusi tii, bila mstari hata mmoja, isipokuwa weupe kidogo chini ya kidevu. Mtafute huo weupe, unapendeza sana nyoka anapoinua kichwa. Weusi huu unarithiwa kwa jeni iliyofichika: lazima mtoto aipate kwa baba na kwa mama. Kwa mfugaji mpya, huyu ndiye rahisi kuliko wote wa rangi maalumu. Ni rangi iliyoishi porini yenyewe, na macho yake ni ya kawaida. Ubaya wake ni mmoja tu, vidonda na utitiri huonekana kwa shida kwenye ngozi nyeusi. Mpitishe kwenye kitambaa cheupe chenye unyevu kabla hujalipa. Ukiona vidoa vidogo vyeusi vinavyotembea kwenye kitambaa, mrudishe.

Wa tatu: wa samawati wa Florida

Pwani ya Ghuba, kaskazini-magharibi mwa rasi ya Florida, kuna nususpishi ya mistari ya samawati, T. s. similis, aliyoieleza Douglas Rossman mwaka 1965. Sehemu nyingine za Florida pia hutoa gata wa mashariki wenye wingu la samawati au kijani mwili mzima, na wauzaji huwachanganya hawa wawili kwa jina moja. Uliza wazazi walitoka eneo gani. Anayesema "Florida" tu hajakujibu. Ningempandisha nafasi ya pili kama mchanganyiko huo usingekuwa mwingi hivyo.

Wa nne: albino wa mirabaraba

Gata wa mirabaraba ana madoa meusi yaliyopangwa kama ubao wa drafti juu ya rangi ya mchanga. Mwondolee weusi, madoa yanakuwa ya manjano au ya pichi na macho yanakuwa mekundu. Ni nyoka mpole, mlaji mzuri, na anapatikana. Mwekee maficho ya kutosha, kwani macho yasiyo na weusi hayapendi mwanga mkali.

Hapa ndipo hesabu ya jeni inapoingia. Ukiuziwa nyoka wa rangi ya kawaida kama "mbeba jeni kwa asilimia 66", maana yake wazazi wote wawili walikuwa wabeba jeni. Katika uzao wao, robo hutarajiwa kuwa albino, na kati ya wale wa rangi ya kawaida theluthi mbili wanaibeba jeni. Huyo uliyemshika anaibeba au haibebi, na kwa kumtazama huwezi kujua. Usimlipie bei ya uhakika. Tena, albino wa koo mbili tofauti wanaweza kuzaa watoto wote wa rangi ya kawaida, iwapo jeni zilizoharibika si moja.

Wa tano na wa sita

Gata wa mashariki wekundu, ambao wafugaji huwaita kwa jina la mwali wa moto, ni wa kuvutia sana, ila wekundu wao hutofautiana mno. Mnunue aliyekua, umwone alivyo. Gata weupe wa nyanda, wasio na weusi wala manjano, nawaweka chini kwa sababu ya ukoo wao. Kutoka kwa wazazi wanaobeba jeni zote mbili, ya kuondoa weusi na ya kuondoa manjano, bila kuzionyesha, hutarajiwa mtoto mmoja tu kati ya 16, kwa hiyo kishawishi cha kupandisha ndugu kwa ndugu ni kikubwa. Omba kuona rekodi za vizazi viwili.

Wa mwisho

Gata wa San Francisco (T. s. tetrataenia) ndiye mzuri kuliko wote: kichwa cha chungwa, nyekundu kamili, na samawati inayoelekea kijani. Nchini Marekani yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 1967, na mtu binafsi haruhusiwi kumfuga. Ulaya wapo waliozaliwa kizimbani, na bila hati zinazoonyesha hivyo, usiguse. Chini yake naweka gata yeyote aliyekamatwa porini, hata akiwa na rangi ya ajabu. Huja na minyoo, huja na woga, na rangi hiyo imetolewa mahali ilipokuwa na kazi.

Swali la pili kwa muuzaji: anakula nini? Kama jibu ni samaki wa dhahabu peke yao, rangi nzuri isikufumbe macho. Samaki hao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kuwagandisha hakukiondoi. Mwinue taratibu, mwache apite kati ya vidole. Akitetemeka kichwa au akipinduka mgongo chini bila kujirekebisha, mwambie muuzaji ukweli kwamba nyoka anaumwa, na umwonyeshe chakula kinachopaswa kubadilishwa.